Eneo la Wazi ni la Nani? Historia ya Bustani za Mjini Ikitazamwa Kutoka Mwanza

Jumapili alasiri, kuanzia saa kumi hivi, ukishuka kuelekea kivuko cha Kamanga utakuta ukingo wa ziwa umeshajaa watu wanaotazamana na lile rundo la mawe liitwalo Jiwe la Bismarck. Wengine bado wamevaa nguo za kanisani. Wapiga picha wenye kamera shingoni wanamkaribisha kila apitaye, watoto wamevua viatu wanarushiana maji, na mijusi yenye vichwa vya rangi ya waridi na miili ya buluu inaota jua juu ya mawe bila kumjali mtu. Wengi wa watu hawa hawakuja kununua kitu wala kufanya shughuli yoyote inayoweza kukatiwa risiti, wamekuja kukaa. Katika jiji ambalo wilaya zake mbili, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu zaidi ya 700,000 katika sensa ya mwaka 2012 na zaidi ya milioni moja katika sensa ya mwaka 2022, mahali ambapo mtu anaweza kukaa kando ya maji bila mhudumu kuja kumuuliza atakunywa nini panahesabika kwa vidole.

Tunapolalamika kwamba jiji halina bustani, mara nyingi tunasema kana kwamba bustani ni kitu ambacho miji mingine ilizaliwa nacho na sisi tukanyimwa. Historia inasema vingine. Eneo la wazi katika mji wa kisasa ni kitu kilichotengenezwa kwa fedha, kwa sheria, na mara kadhaa kwa kuwahamisha watu waliokuwa wakiishi pale. Na pale lilipodumu, mara nyingi palikuwa na watu waliojua kwamba ni haki yao na wakawa tayari kuidai.

Lugha yenyewe inatuchanganya kidogo. Bustani kwa wengi wetu kwanza ni ya mboga. Mbuga ni ya wanyama, na kwa mkulima wa Usukumani ni bonde la udongo mweusi panapolimwa mpunga. Hifadhi ni ya serikali na ina askari. Uwanja ni wa mpira au wa mikutano ya hadhara, na ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke paki, atakuuliza ya malori au ya mabasi. Maofisa wa mipango miji wamechagua kusema "eneo la wazi", na ndilo neno utakalolikuta kwenye michoro yao. Ni neno linalofaa kwa kazi zao, lakini lina kasoro moja: linataja kisichokuwepo, yaani majengo, bila kutaja kilichopo. Mtu akisikia "wazi" huelewa "tupu", na mahali patupu huonekana panasubiri kujazwa.

Kabla ya bustani kuwako, palikuwa na ardhi ya pamoja, na ardhi hiyo haikuwa tupu hata kidogo. Miji ya kale ya pwani yetu ilikuwa na viwanja kandokando ya misikiti, visima na magati. Usukumani palikuwa na ngitili, na bado zipo: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, kisha linafunguliwa kiangazi kinapokaza, kwa masharti ambayo kila mwenye ng'ombe anayajua. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji kizima. Mgeni akipita wakati ngitili imefungwa ataona pori lisilo na mwenyewe. Mwenyeji ataona ghala. Uingereza nayo ilikuwa na ardhi za namna hiyo, ambamo wanakijiji walikuwa na haki ya kuchunga, kukata kuni na kuokota matunda hata kama mwenye ardhi kwa jina alikuwa bwana fulani. Wahamiaji wa Kiingereza walipofika Amerika waliuchukua utaratibu huo pamoja nao, na ndiyo maana bustani kongwe kuliko zote za mjini nchini Marekani, Boston Common, ilianza mwaka 1634 kama malisho ya ng'ombe wa mji. Ng'ombe waliendelea kula majani pale hadi mwaka 1830, wakipishana na gwaride za askari na, mara nyingine, na watu waliokuja kutazama mtu akinyongwa.

Neno la Kiingereza lililotupa hilo "paki" letu lilitoka upande wa pili kabisa. Lilikuwa na maana ya msitu uliozungushiwa uzio ili mfalme au lodi awinde swala na paa bila kubughudhiwa. Hyde Park ya London ilianza hivyo. Mfalme Henry VIII aliichukua ardhi hiyo kutoka kwa watawa wa Westminster mwaka 1536 akaifanya kitalu chake cha uwindaji, na ilichukua karne nzima hadi Mfalme Charles I alipowafungulia watu lango mwaka 1637. Alilifungua kwa hisani. Neno hilo naomba msomaji alishike, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hii ni safari ya kutoka kwenye hisani kwenda kwenye haki, na safari hiyo ina mahali pengi ambapo watu wamerudishwa nyuma.

Kilichoibadili hali ni viwanda. Kati ya karne ya 18 na ya 19, Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia uzio ardhi za pamoja na kuzigawa kwa wamiliki binafsi. Wanavijiji waliopoteza malisho na kuni walihamia kwenye miji ya nguo na makaa ya mawe, ambako familia nzima ililala chumba kimoja na uchafu ulitiririka barabarani. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwishoni mwa mwaka 1831 na kuua maelfu ya watu, wakubwa walishtuka, kwa sababu ugonjwa huo haukujua mipaka ya mitaa. Waganga wengi wa wakati huo waliamini kwamba maradhi yaliletwa na hewa mbaya inayotoka kwenye vitu vilivyooza. Ikiwa hewa ndiyo inayoua, basi mji unahitaji mapafu, na mapafu hayo ni maeneo ya wazi yenye miti. Mwaka 1833 kamati ya Bunge iliyochunguza suala la mahali pa watu kutembea ilieleza kwamba miji mikubwa ya viwanda ilikuwa na uhaba mkubwa wa maeneo ya namna hiyo kwa watu wa kawaida.

Sayansi ile ilikuwa na makosa. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa mmoja wa London kilikuwa kikienezwa na maji ya pampu moja. Lakini bustani zilikuwa zimeshaanza kuchimbwa, na hakuna aliyedai zifukiwe. Ni mojawapo ya makosa machache ya kitabibu ambayo binafsi nayashukuru.

Afya haikuwa sababu pekee, na tukiishia hapo tutakuwa tumejidanganya. Matajiri wa viwanda walitaka mfanyakazi atumie Jumapili yake akitembea na mkewe kati ya maua kuliko akiwa kwenye pombe au kwenye mkutano wa siasa. Mfano ulio wazi ni Kennington Common, kusini mwa London. Tarehe 10 Aprili 1848 maelfu ya wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura walikusanyika pale, na serikali ikaingiwa na hofu kiasi cha kujaza askari mjini. Miaka michache baadaye ardhi hiyo ya pamoja ilizungushiwa uzio, ikapandwa maua, ikachorewa njia za kutembelea, na mwaka 1854 ikafunguliwa kama bustani. Watu walikaribishwa tena, ila sasa walitakiwa kutembea.

Bustani za mwanzo za umma zilikuwa na hali hiyo ya nusu mlango wazi. Arboretum, yaani bustani ya miti, ya mji wa Derby, iliyofunguliwa mwaka 1840, ilikuwa zawadi ya mwenye viwanda Joseph Strutt na ilibuniwa na John Claudius Loudon. Lakini kwa miaka mingi watu waliingia bure siku mbili tu za wiki, na siku nyingine walilipa. Hatua kubwa zaidi ilikuja ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, kwenye mji wa Birkenhead, ambako bustani iliyobuniwa na Joseph Paxton ilifunguliwa mwaka 1847. Hii haikutegemea ukarimu wa tajiri yeyote. Mamlaka ya mji ilinunua ardhi kubwa yenye majimaji kwa bei ndogo, ikatenga sehemu yake kwa bustani, na sehemu iliyobaki, ile inayoizunguka, ikaiuza kama viwanja vya nyumba. Kwa kuwa kila mwenye uwezo alitaka dirisha linalotazama miti, viwanja hivyo vilipanda bei, na fedha hizo zikasaidia kulipia bustani.

Hesabu hii ya Birkenhead inafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo imekuwa injini ya bustani nyingi tangu wakati huo, na ndiyo pia inayoziua. Eneo la wazi huipandisha thamani ardhi inayolizunguka. Mji wenye nidhamu huikamata thamani hiyo, kwa kuuza viwanja au kutoza kodi, na kuirudisha kwenye matunzo ya bustani. Mji usio na nidhamu hukaa ukitazama thamani ikipanda hadi eneo la wazi lenyewe linapokuwa kipande chenye bei kubwa kuliko vyote mtaani, na hapo ndipo wenye fedha huanza kuulizia.

Mwaka 1850 Mmarekani mmoja, Frederick Law Olmsted, alipita Birkenhead na kushangaa kwamba mtu maskini kabisa alikuwa na nafasi sawa na tajiri katika bustani ile. Miaka minane baadaye yeye na mwenzake Calvert Vaux walishinda shindano la kubuni Central Park ya New York, bustani yenye ukubwa wa hekta zipatazo 341 katikati ya kisiwa cha Manhattan. Mkazi wa Mwanza angeielewa kazi ile haraka, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa miamba na madimbwi. Walilipua miamba mingi kwa baruti, wakaleta udongo kwa mikokoteni, lakini mingine waliiacha makusudi ijitokeze juu ya majani, na hadi leo watoto wanaipanda. Barabara nne za kukatisha mji zilizamishwa chini ya usawa wa bustani ili anayetembea asione magari ya farasi. Hakuna kitu pale ambacho ni cha asili kama kinavyoonekana. Ziwa, kilima na pori vyote vilichorwa kwanza.

Tena mahali pale palikuwa na watu. Upande wa magharibi wa eneo hilo palikuwa na kijiji cha Seneca, kilichoanza mwaka 1825 wakati Wamarekani Weusi walipoanza kununua viwanja pale. Walikuwa na makanisa, shule na makaburi. Kumiliki ardhi kulikuwa na uzito wa pekee kwao, kwa kuwa sheria ya jimbo la New York ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali isiyohamishika yenye thamani ya dola 250 ndipo aruhusiwe kupiga kura, sharti ambalo mwanamume Mzungu hakuwekewa. Sheria ya mwaka 1853 iliruhusu mji utwae ardhi hiyo kwa fidia; magazeti yakawaita wakazi wavamizi, na kufikia mwisho wa mwaka 1857 wote walikuwa wameondolewa. Ukisoma habari hizo ukiwa Mwanza, ambako neno "wavamizi" hutamkwa kirahisi kuhusu watu waliokaa mlimani miaka arobaini, huwezi kuzisoma kama hadithi ya mbali.

Paris ilikwenda kwa kasi zaidi, kwa amri ya mtawala wa Ufaransa, Napoleon III. Buttes-Chaumont, iliyofunguliwa mwaka 1867, ilitengenezwa ndani ya machimbo ya mawe yaliyokuwa yamegeuzwa jalala. Hilo nalitaja kwa ajili ya wanaoamini kwamba machimbo yakishachimbwa hayana kazi nyingine.

Lakini kisa ninachokiona kina mafunzo mengi kuliko vyote hakina mbunifu maarufu ndani yake. Kandokando ya London uko msitu wa Epping, ambamo wanakijiji wa Loughton walikuwa na haki ya zamani ya kukata matawi kwa ajili ya kuni wakati wa majira ya baridi. Katika miaka ya 1860 mwenye ardhi alianza kuuzungushia uzio. Kibarua mmoja, Thomas Willingale, aliendelea kukata matawi kama babu zake. Mwaka 1866 jamaa zake walifungwa kwa kosa hilo. Kesi ilipokelewa na chama kilichokuwa kimeundwa mwaka 1865 kutetea ardhi za pamoja, baadaye halmashauri ya jiji la London ikaingia yenyewe, na mwaka 1878 Bunge likapitisha sheria iliyoagiza msitu ubaki bila uzio kwa ajili ya burudani ya watu wote, na mlezi wake, halmashauri hiyo hiyo, akatajwa kwa jina. Haki ya kukata matawi ilifutwa, lakini wanakijiji walilipwa fidia, na kwa fedha hizo ukajengwa ukumbi wa jamii ambao hadi leo unaitwa kwa jina la ukataji huo. Mwaka 1882 Malkia Victoria alikwenda mwenyewe kuukabidhi msitu kwa wananchi. Malkia yuleyule ambaye jina lake lilikuwa limeshabandikwa, kwa mkono wa mpelelezi Mwingereza John Speke aliyefika Mwanza mwaka 1858, juu ya ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza.

Angalia kilichouokoa msitu ule. Ramani nzuri haikuwepo. Walikuwepo watu waliokuwa wakiutumia, matumizi yao yalikuwa na jina na kumbukumbu, na mahakama ikakubali kwamba watumiaji wa ardhi ile ya pamoja walikuwa na haki juu yake. Baada ya hapo sheria ikamtaja mlezi. Vitu hivyo viwili, mtumiaji mwenye haki na mlezi mwenye jina, ndivyo vinavyokosekana kwenye maeneo yetu mengi ya wazi.

Bustani ilipoletwa huku kwetu, ilikuja imegeuzwa tumbo nje. Ile ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kwenye ukingo wa ziwa hili hili, ilikuwa hasa mahali pa kujaribu mimea itakayoleta faida kwa dola. Wajerumani walikuwa na bustani ya aina hiyo Dar es Salaam tangu miaka ya 1890. Katika upangaji wa miji, hoja ya afya iliyowakusanya watu pamoja London ilitumiwa hapa kuwatenga. Baada ya daktari Mwingereza Ronald Ross kuthibitisha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, maofisa wa kikoloni sehemu nyingi za Afrika walidai kwamba Mzungu alindwe kwa kuishi mbali na Mwafrika, na kati yao ubaki ukanda usiojengwa. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ilipata uwazi wake kwa njia hiyo: ukanda uliotenganisha Kariakoo, mtaa wa Waafrika, na mji wa Wahindi na Wazungu. Majani yaleyale, miti ileile, lakini kazi yake ilikuwa ni ya ukuta.

Miji yetu bado inazungumza lugha ya mpango ule. Tunasema uzunguni, uhindini na uswahilini bila kufikiri, na ofisi za ardhi zinagawa viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Ujazo mdogo ndio wenye miti, na ndio wenye watu wachache wa kukaa chini yake.

Baada ya uhuru maeneo hayo yalibadilishwa maana bila kubadilishwa sura. Mnazi Mmoja ukawa uwanja wa taifa kujikusanyia. Nairobi ilipata Uhuru Park mwaka 1969. Na ilipofika mwaka 1989, serikali ya Kenya ilipotaka kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alianza kuandika barua moja baada ya nyingine. Alidhihakiwa hadi bungeni, chama chake cha kupanda miti kikafukuzwa kwenye ofisi kilizokuwa kikizitumia, lakini wafadhili walianza kusita na jengo halikujengwa. Maathai hakudai kwamba bustani ile ni nzuri. Alidai kwamba ni mahali pekee katikati ya Nairobi ambapo mtu asiye na fedha anaweza kulala kwenye majani Jumapili. Ni hoja ya Willingale, imevaa kitenge.

Mwanza nayo ilipata chake mapema. Mwaka 1964 kisiwa kidogo kilicho karibu na mji, kilichochukua jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo akilima na kuvua, kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Kwa wanyama na miamba ni habari njema, na sina ugomvi nayo. Ila inamaanisha kwamba kipande cha kijani kinachosifiwa kuliko vyote karibu na katikati ya jiji kinafikiwa kwa boti na kwa tiketi, na anayeshinda akibeba mizigo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba anaweza kumaliza miaka bila kukikanyaga.

Kwenye karatasi, mengine yote yapo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka mipango itenge maeneo ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukipima mita 60 hizo kwa miguu kutoka maji ya Nyanza, utapita kwenye kuta, mageti, viti vya plastiki na mabango ya vinywaji, na mara chache utapita kwenye ardhi ambayo unaweza kuketi. Ziwa lenyewe limewahi kujaribu kuitekeleza sheria hiyo. Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko yalivyokuwa yamewahi kupanda tangu miaka ya 1960, yakaingia kwenye mialo, mashamba na majengo yaliyokuwa yamesogea mno, na kwa miezi kadhaa kila mtu alionyeshwa mahali ukingo ulipo kweli.

Mtu atauliza kwa nini ukingo mtupu uwe na thamani. Olmsted huyo huyo, akifanya kazi Boston kuanzia mwaka 1878, alipewa kinamasi kilichokuwa kikinuka na kufurika. Hakukijaza kifusi. Alikichimba na kukipinda ili kimeze maji ya mafuriko, akapanda majani yanayostahimili maji ya chumvi, akakiunganisha na mlolongo wa bustani nyingine. Watu waliona mahali pa kutembea; wahandisi waliona mfereji. Mto Mirongo unaopita katikati ya Mwanza kwenda ziwani ungeweza kuwa na ukanda wa namna hiyo, kwa kuwa mvua ikinyesha juu ya vilima vyetu vya mawe maji hayana pa kuzama na yote hushuka kwa pamoja. Badala yake mto umebanwa hadi umekuwa mtaro, na kila masika hurudi kudai upana wake kwenye nyumba za watu.

Huko vilimani, Mabatini, Igogo na kwingineko, ndiko wanakoishi wakazi wengi, na huko mchoro ulifika baada ya nyumba, kama ulifika. Eneo la wazi ni uwanja wa shule, njia ya miguu kati ya nyumba mbili, na juu ya jiwe. Kwenye mitaa iliyopimwa eneo la wazi lipo kwenye mchoro, limepakwa kijani, na linapotea kwa hatua ambazo hakuna hata moja inayoonekana kubwa. Kwanza mama lishe anaweka meza chini ya mti. Anakuja fundi pikipiki. Linaletwa kontena, la muda. Kisha siku moja unakuta msingi umechimbwa na fremu sita zinapanda, na mwenye fremu si mama lishe wala fundi pikipiki. Lawama, hata hivyo, humwangukia yule wa kwanza. Tuliona mwaka 2021 na 2022 machinga wakiondolewa kando ya barabara nchi nzima, na sikatai kwamba njia zilikuwa zimezibwa. Ila meza huondolewa kwa nusu saa, na fremu ya tofali sijaona ikiondolewa.

Mtaani nilikokulia, kilimani, palikuwa na uwanja wa aina hiyo. Niliwahi kuonyeshwa mchoro wake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ulikuwa kijani, na afisa aliukunja haraka kuliko alivyoukunjua. Nusu ya uwanja leo ni sehemu ya kuoshea magari. Nusu ya pili imebaki, na kilichoilinda hakikuwa sheria wala mwenyekiti wa mtaa. Katikati yake kuna jiwe kubwa kama nyumba, ambalo hakuna mtu aliyetaka kulipia gharama ya kulivunja, na watoto wamecheza mpira wakilizunguka kwa miaka yote hiyo. Upande mmoja wa jiwe ndio goli.

Nilipita mwezi uliopita. Kulikuwa na matairi chakavu yanawaka juu ya jiwe lile, moshi mweusi ukienda ziwani. Ndivyo tunavyopasua mawe huku: unalichemsha kwa moto hadi linapasuka, kisha unalimaliza kwa nyundo. Wanawake watatu walikuwa wameshakaa chini kivulini na nyundo zao ndogo, wanagonga kokoto, ndoo kwa ndoo, na mvulana mmoja mwenye mpira kwapani alikuwa amesimama akitazama goli lake likipungua.